Usiku wa Jumanne



Chini ya shairi moja la beti saba, katika daftari la pili la marehemu rafiki yangu, kuna mstari ulioandikwa kwa wino wa buluu: "Usiku wa Jumanne, saa tatu, Mei 1996." Nimeupitia mstari huo mara nyingi bila kusita. Ni Kiswahili chepesi. Mtoto wa darasa la tatu angeusoma. Mwaka jana ndipo mjukuu wangu, anayesomea kompyuta chuoni, aliponiuliza swali lililoninyima usingizi: "Babu, hapa niandike tarehe ngapi?"

Nieleze kwanza tulivyofika hapo. Rafiki yangu huyo tulifundisha naye Kiswahili katika shule moja ya sekondari hapa Mwanza kwa miaka kumi na minne. Mimi nilikuwa nimetoka Chuo cha Ualimu Butimba, mzawa wa pwani hii ya ziwa. Yeye alikuwa mtu wa Pangani, aliyeletwa huku na barua ya uhamisho, akaoa, akajenga, akasahau kurudi. Alipofariki, familia yake ilinikabidhi madaftari matatu yenye mashairi 181. Karatasi zake zimeanza kunyauka kwa unyevu, na pembe za daftari la kwanza zimeliwa na mende. Mjukuu wangu akashauri tuyaingize yote katika kanzidata, yaani jedwali kubwa ndani ya kompyuta, ambamo kila shairi lina mstari wake na kila habari ya shairi ina safu yake: anwani, bahari, idadi ya beti, mahali lilipotungwa, na wakati. Nikakubali upesi. Nilidhani safu ngumu itakuwa ile ya bahari za ushairi, maana huko ndiko malenga hugombana. Kumbe ngumu ilikuwa ya wakati.

Kosa la kwanza lilikuwa la kuchekesha. Programu aliyoitumia ilipokutana na "saa tatu" iliandika 03:00. Sisi tunaosema Kiswahili tunahesabu saa za mchana kuanzia macheo na za usiku kuanzia machweo, hivyo saa tatu usiku ni saa ya tatu tangu giza liingie. Mshale wa saa ya ukutani unaonyesha tisa, ulimi unasema tatu, wala hakuna anayechelewa kazini kwa sababu hiyo. Kijana alilijua jambo hilo tangu utotoni. Aliyekuwa halijui ni yule aliyeitunga programu. Basi akaifunza kuwa saa tatu usiku ni 21:00.

Kosa la pili lilikuwa la siku za juma. Kwa kanuni ya kimataifa ya kuandika tarehe, ile iitwayo ISO 8601, juma huanza Jumatatu, nayo hupewa namba 1. Lakini jina lenyewe la Jumatatu linasema ni siku ya tatu, kwa kuwa hesabu yetu huanza baada ya Ijumaa: Jumamosi ni ya kwanza, Jumapili ya pili. Kisha tunafika Jumatano, siku ya tano, na kesho yake tunaamkia Alhamisi, ambayo kwa asili yake ya Kiarabu nayo ni siku ya tano, kwa hesabu iliyoanzia Jumapili. Juma letu lina siku saba na za tano mbili. Mashine ikiambiwa "siku ya nne" haiwezi kujua tunasema Jumanne au Alhamisi. Tukaamua kuyaandika majina ya siku kwa herufi, tukadhani tumemaliza.

Hapo ndipo tulipofika kwenye ule mstari wa wino wa buluu. Shairi linaloutangulia limeandikwa Jumamosi, 18 Mei 1996. Linalofuata, Jumamosi, 25 Mei. Jumanne inayoweza kukaa katikati ni moja tu, tarehe 21. Mjukuu wangu alikuwa amekwisha kuandika 21 Mei, saa 21:00, nami nikamshika mkono.

Jumanne hiyo kila mkazi wa Mwanza wa rika langu anaijua. Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyokuwa imesafiri usiku kucha kutoka Bukoba, ilizama ikiwa imekaribia kufika Mwanza. Mamia ya watu walikufa, na wengi wao wamezikwa Igoma. Miongoni mwa abiria alikuwamo dada yake rafiki yangu, aliyekuwa ameolewa Bukoba, akija kumtazama binti yake. Binti huyo alikuwa akisoma hapa Mwanza, akilelewa na mjomba wake.

Shairi lenyewe halimtaji mtu. Ndani yake yumo mwenyeji aliyekaa na taa, mlango usiotiwa komeo, chakula kilichofunikwa kawa, na ziwa linaloombwa litulie. Mgeni hajafika. Kwa miaka mingi sote tulilisoma kuwa ni maombolezo, ya mtu anayemngoja asiyeweza kurudi. Kila Mei husomwa nyumbani kwao baada ya khitma, na nimewaona watu wazima wakiinamisha vichwa ubeti wa nne ukifika. Ushahidi wa kwamba lilitungwa usiku ule baada ya msiba ulikuwa huo mstari mmoja: usiku wa Jumanne.

Lakini rafiki yangu alikuwa mtu wa Pangani. Kwa wazee wa mwambao siku mpya huanza jua likizama, na usiku huutangulia mchana wake. Ukialikwa usiku wa Ijumaa, unakwenda jioni ambayo wengine wangali wakiiita Alhamisi. Ndiyo hesabu ya mwezi mwandamo: mwezi wa Ramadhani ukionekana, tarawehe huswaliwa usiku uleule, kabla hata ya siku ya kwanza ya kufunga, kwa kuwa usiku huo ni wa siku hiyo. Kwa hesabu ya namna hii, usiku wa Jumanne, saa tatu, ni saa 21:00 ya Jumatatu, tarehe 20 Mei.

Msomaji ataona mara moja kilichobadilika. Tarehe 20 usiku meli haijazama, na dada yu hai. Taa ni taa iliyowashwa ili mtu aione atakapofika. Chakula kimepikwa kwa ajili ya mlaji. Ziwa linaombwa litulie kwa sababu bado yupo wa kuombewa. Kwa hesabu nyingine, vitu vyote hivyo vimekuwa kumbukumbu. Saa ishirini na nne zinatenganisha karibisho na maombolezo, na katika beti zote saba halibadiliki hata neno moja.

Nilipomaliza kueleza, mjukuu wangu alinyamaza, kisha akasema, "Babu, safu yangu inapokea jibu moja tu."

Niliona haya kwa kuwa maisha yangu yote nimewafundisha vijana kuwa wakati ni kitu kimoja. Jioni ile nilikuwa mwanafunzi, yeye mwalimu. Akanieleza kuwa kompyuta nyingi huutunza wakati kwa kuhesabu sekunde tangu mwanzo wa tarehe 1 Januari 1970 kwa saa ya ulimwengu, ile inayofupishwa UTC. Hapa kwetu, tulio mbele ya hiyo kwa saa tatu, ilikuwa saa tisa usiku. Hesabu hiyo inafaa sana kwa jambo ambalo mashine yenyewe imelishuhudia: pesa zilizotumwa kwa simu, ujumbe uliopokewa, ndege iliyotua. Hiyo ni lahadha, na lahadha ni moja duniani kote. Mwanza na Kigali zitaisoma kwa saa mbili tofauti, kwani Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja, lakini ni lahadha ileile.

Tarehe ya kuzaliwa, kwa upande mwingine, si lahadha. Tuseme mtoto amezaliwa tarehe 9 Desemba, na programu imeiandika siku hiyo kuwa ni saa sita kamili usiku ya Mwanza, kisha ikaigeuza kuwa saa ya ulimwengu. Itakayotunzwa ni 21:00 ya tarehe 8. Akija mtu akaisoma tarehe hiyo bila kuirudisha saa tatu mbele, atakuwa amemzaa mtoto siku moja kabla ya mama yake. Siku ya kuzaliwa itunzwe kuwa siku, bila saa. Miadi ya mwakani nayo itunzwe kwa saa ya mahali pamoja na jina la mahali, maana serikali huweza kubadili saa za nchi. Kompyuta zinayo hazina ya kumbukumbu hizo. Tanzania imo kwa jina la Africa/Dar_es_Salaam, ambalo siku hizi limeunganishwa na la Nairobi. Hazina hiyo inakumbuka hata kwamba enzi za ukoloni saa ya Nairobi iliwahi kuitangulia ya Greenwich kwa saa mbili na dakika 45, badala ya saa tatu kamili za leo.

Nikamuuliza, "Na tarehe ambayo mwenyewe hakuijua, mnaitunzaje?" Nilikuwa nikimfikiria baba yangu. Alizaliwa nzige walipoingia. Ndivyo bibi alivyosema, wala hakusema zaidi. Kwenye kadi yake imeandikwa 1 Januari 1931. Fomu ilitaka siku na mwezi, karani akavitoa alikokutoa, na tangu hapo mzee akawa na siku ya kuzaliwa asiyoijua mama yake. Najua wazee wengi wa kando ya ziwa hili waliozaliwa wote tarehe 1 Januari. Fomu ikilazimisha jibu, jibu hupatikana, na baada ya miaka hamsini hakuna awezaye kulitofautisha na ukweli.

Hata sisi watu wa ushairi hatujaepukana na hayo. Utendi wa Tambuka, uitwao pia Utenzi wa Herekali, hutajwa na vitabu vingi kuwa ni wa mwaka 1728. Lakini tarehe inayonasibishwa nao ni mwaka 1141 wa Hijria, na mwaka huo ulianza katikati ya 1728 ukaishia ndani ya 1729. Aliyeugeuza alichagua nusu moja, nasi tukaikariri darasani kana kwamba mtunzi ndiye aliyeisema. Nimeiandika ubaoni mara nyingi mno kuweza kumlaumu mwingine.

Basi tukarudi kwenye madaftari, tumsikilize mtunzi mwenyewe. Kulikuwa na shairi la kifo cha Mwalimu Nyerere, lenye maneno "Usiku wa Ijumaa, Oktoba 1999", na ndani yake mtunzi anasema habari zimetufikia leo. Mwalimu alifariki London siku ya Alhamisi, tarehe 14 Oktoba, na taifa likatangaziwa siku ileile. Kwa hiyo usiku wake wa Ijumaa ulikuwa ni ule tunaouita Alhamisi usiku. Nikafurahi kama mpelelezi. Tena tukaona kwamba shairi la mahafali ya shule limeandikwa "Jumamosi usiku", si "usiku wa Jumamosi", nayo mahafali yalikuwa kweli Jumamosi. Ikaonekana kwamba kwake "Jumanne usiku" na "usiku wa Jumanne" yalikuwa maneno mawili yenye maana mbili.

Furaha hiyo haikudumu. Katika daftari la tatu lipo shairi la harusi ya mwaka 2006, "usiku wa Jumapili", na harusi hiyo nilihudhuria mwenyewe: ilikuwa Jumapili yenyewe baada ya magharibi, wala si Jumamosi. Miaka mingi ya kukaa nasi watu wa bara ilikuwa imemgeuza ulimi. Ushahidi wa 1999 uko karibu zaidi na 1996 kuliko huu wa 2006, na kwangu mizani inaelemea upande wa tarehe 20. Lakini kuelemea si kutua.

Lugha yetu iliuona mtego huu kabla ya kompyuta. Ndiyo maana magazeti na redio husema "usiku wa kuamkia Jumanne". Neno hilo moja, kuamkia, linautaja usiku kwa asubuhi inayoufuata, na hesabu zote mbili zinakutana hapo bila ugomvi. Nimelisikia maisha yangu yote nikidhani ni pambo la watangazaji. Sasa nalihesabu kuwa miongoni mwa maneno yenye manufaa makubwa tuliyo nayo. Laiti rafiki yangu angeliandika! Bahati njema aliandika saa tatu, usiku umekwisha kuingia. Angeandika saa kumi na mbili na nusu, tungelazimika kuuliza pia jua la siku ile lilizama saa ngapi, kwani mwezi kama huo huku kwetu huzama nusu saa hivi baada ya kuzama Dar es Salaam.

Mwishowe tuliibomoa ile safu moja. Mahali pake tukaweka safu tano. Ya kwanza ina maneno ya mtunzi kama alivyoyaandika, herufi kwa herufi, na hairuhusiwi kusahihishwa na mtu yeyote. Ya pili ina wakati wa mapema kabisa unaowezekana, na ya tatu wakati wa mwisho kabisa. Ya nne inasema tunajua kwa kiwango gani: mwaka tu, mwezi, siku, au saa. Ya tano inaeleza ni nani aliyekata shauri, na kwa sababu zipi. Mjukuu wangu aligundua kuwa wakutubi walikwisha kupita njia hiyo: Maktaba ya Bunge la Marekani ilitengeneza namna ya kuandika tarehe zenye shaka na za kukadiria, na mwaka 2019 namna hiyo ikaingizwa katika sehemu ya pili ya ileile ISO 8601. Kumbe alama ya kuulizia inaweza kuwa sehemu halali ya tarehe. Baba yangu angestahili moja.

Ilibaki kazi niliyoiogopa. Yule binti aliyekuwa akimngoja mama yake sasa ni mama wa watoto watatu, anaishi Nyakato. Niliona si haki asome katika kompyuta jambo ambalo angepaswa kulisikia kwa mdomo. Nikaenda na daftari. Alinikaribisha, akaniuliza hali ya nyumbani, akaniletea chai. Nikamweleza habari za usiku wa Pangani na usiku wa Mwanza, polepole, kama ninavyoeleza mizani na vina. Akauomba ukurasa. Akauweka mapajani.

"Mwalimu," akasema baada ya muda, "mjomba alinituma kununua mafuta ya taa. Hilo nalikumbuka. Na samaki alikuwa amefunikwa kawa mezani, nikakatazwa kumgusa."

Nikadhani swali limejibiwa. "Huo ulikuwa usiku wa kumngoja mama?"

Akatikisa kichwa. "Ndilo nisilolijua. Usiku wote wawili kulikuwa na chakula kilichofunikwa. Wa kwanza tulipika wenyewe. Wa pili kililetwa na majirani. Nilikuwa na miaka tisa; siku zile zimeshikamana."

Akanyamaza tena, kisha akanirudishia daftari. "Msichague," akasema. "Ila nimefurahi kujua kwamba pengine alikuwa anangojwa tu. Sikuwahi kulisoma hivyo."

Mei iliyopita hakungoja khitma ya tarehe 21. Alitualika tarehe 20, baada ya magharibi, akalisoma mwenyewe. Kwa kalenda ya ukutani ilikuwa siku moja kabla. Kwa kalenda ya mjomba wake, siku ilikuwa imekwisha kuingia.

Malenga wenzangu, nina ombi dogo. Mnapomaliza kaditama, andikeni tarehe kwa ukamilifu: siku, mwezi, mwaka na mahali. Kama ni usiku, semeni wa kuamkia siku gani. Na vijana mnaotutengenezea kanzidata, tuachieni safu moja ya maneno yetu wenyewe, hata kama mashine haijui la kuyafanya. Atakuja mtu siku moja atakayeyahitaji.

Mwanza, usiku wa kuamkia Jumatatu, saa nne.